Asilimia Hamsini na Moja

Dada yangu alifika dukani saa nne asubuhi, mkoba begani, diski mkononi. Basi lake lilikuwa la saa kumi alasiri, na mizigo yake yote ilikuwa imeshafungwa na kutangulia kituoni.

"Nitolee nakala ya hii," akasema. "Ile ya kawaida. Nyembamba."

"Diski hazina nene na nyembamba, dada."

"Mimi nitajuaje? Deki ya shemeji yako kule tunakohamia inazikataa hizi zako nene. Alijaribu ile ya mahafali yangu, ikamwambia hakuna diski. Mimi nataka ya kawaida, ile ambayo hata deki ya kibibi inasoma."

"Si nikuwekee kwenye flashi tu?"

"Flashi? Shemeji yako ameshafuta mbili akitafuta nafasi ya kuweka mpira. Nataka diski. Diski haifutiki."

Nilicheka. Nina miaka kumi na moja kwenye duka hili, narekodi harusi na mahafali, natoa nakala, nahamisha kanda za zamani. Kunakili diski ni kazi ninayoifanya huku nakunywa chai. Kisha nikaigeuza ile diski. Juu yake palikuwa na lebo ya duara ya karatasi, imefifia na kuchakaa ukingoni, na mwandiko wa kalamu ya bluu, herufi kubwa zilizosimama wima kama wanafunzi mstarini: HARUSI YA BINTI YANGU. USIGUSE KAMA HUJANAWA. Ulikuwa mwandiko wa Mama. Hapo kicheko kikaniisha.

Mama hakuogopa mtu, lakini kamera aliiogopa. Ukiinua kamera, yeye amekumbuka kitu jikoni. Katika albamu yetu nzima Mama ni kiwiko, au ni mgongo unaotoka mlangoni. Sauti yake hatukuwahi kuirekodi, na simu yake ilikuwa ile ndogo ya kupigia na kupokea tu. Siku ya harusi ya dada ndipo alipotushangaza sote. Alisimama, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, akazungumza dakika kumi na moja bila kupumzika. Nilikuwa nyuma ya kamera nikamrekodi. Mwaka mmoja na miezi minne baadaye tulimzika. Dakika hizo kumi na moja ndizo sauti yake yote iliyobaki duniani, na zilikuwa ndani ya diski niliyoishika kwa vidole viwili.

"Ile nakala yako ibaki hapa hapa kwako," dada akasema, akijivutia kiti. "Hii yangu nitaondoka nayo pamoja na hiyo mpya. Zikiwa tatu, roho yangu itatulia."

"Sawa," nikasema.

Nakala ya tatu haikuwepo.

Inabidi nieleze jina langu la nyumbani. Naitwa Tayari. Si kwamba niko tayari kwa lolote, hapana. Tangu utotoni nikiulizwa kama nimeoga, nasema tayari, miguu ikiwa na vumbi hadi magotini. Umefanya kazi ya shule? Tayari. Mama ndiye aliyeanza kuniita hivyo, jina likanata. Wiki ile ya msiba dada alinishika mkono akaniuliza, "Ile diski ya harusi umeitolea nakala?" Nikamjibu kama nilivyozoea. Nilikusudia kuifanya wiki ile ile. Kisha kompyuta ikajaa, nikafuta mafaili ya harusi za zamani ili nipate nafasi, na harusi ya dada ikiwa humo humo. Nilijiambia si neno, diski yenyewe anayo, siku moja nitaiazima. Aliniuliza tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine. Tayari, dada. Tayari.

Sasa diski ilikuwa moja tu duniani kote, na mwenyewe alidhani ziko mbili. Nilijikaza kisabuni, nikaiingiza kwenye mashine.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe iko hivi. Diski ya kawaida ina tabaka moja na inabeba gigabaiti nne na kitu. Harusi ya dada ilikuwa ya saa tatu na ushee, nami wakati ule nilikuwa na kiburi cha kutokata chochote, nikaichoma, yaani nikaiandika, kwenye diski ya tabaka mbili, karibu gigabaiti nane. Ukitaka kuiingiza kwenye diski ya kawaida, kwanza kompyuta inaisoma yote na kuihifadhi, kisha programu inaibana mpaka inakaribia nusu, mwisho unaichoma upya. Ukiacha menyu yenye muziki na zile picha za mnato za mwisho, kubana kunapungua na sura za watu hazichakai sana. Niliziondoa hizo, nikabaki na harusi yenyewe tu, nikabonyeza.

Asilimia kumi. Ishirini. Mashine ilivuma vizuri. Dada alinisimulia jinsi wauguzi wenzake wodini walivyomuaga, na jinsi matroni alivyolia kuliko wote wakati ndiye aliyekuwa akimnyima likizo. Nilikuwa naitikia bila kusikia. Arobaini. Hamsini. Hamsini na moja.

Ikasimama.

Mashine ikaanza kutoa mlio mwingine, tak, tak, tak, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Nikangoja. Ile namba haikusogea. Baada ya dakika nne programu ikaandika kwamba imeshindwa kusoma, na sanduku jekundu likatokea katikati ya skrini. Nilisogea haraka nikalikinga kwa bega.

"Nini?" dada akauliza.

"Uchafu tu."

Nikaitoa, nikaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Nikairudisha. Hamsini na moja, tak, tak, tak, sanduku jekundu. Mara ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Mashine iliizungusha, ikaipunguza, ikaizungusha tena, kisha ikaandika kwa utulivu kabisa: Tafadhali weka diski.

Nimewahi kuogopa maishani. Nimefukuzwa na mbwa, nimekwama kwenye lifti. Lakini woga wa dakika ile sikuwahi kuujua. Nikawa nayasoma maneno hayo matatu kana kwamba nikiyarudia yatabadilika. Diski ilikuwa ndani na mashine inasema haioni kitu. Niliwaza: nimemuua Mama mara ya pili. Nimemuua nikiwa nimekaa kwenye kiti.

"Mbona unatoka jasho?" dada akasema. Muuguzi huyo, haoni mtu anatoka jasho akanyamaza.

"Joto."

"Joto gani? Mimi nimevaa sweta."

Nilichukua mashine yangu ya pili, ile ya nje, kuukuu, ya kijivu, ambayo naiita Kobe kwa sababu haina haraka na chochote. Nikasafisha lenzi yake kwa pamba, nikaichomeka, nikaweka diski huku nikijisemea moyoni maneno ambayo mtu husema akiwa peke yake hospitalini. Kobe ikanguruma, ikafikiri. Ikaiona. Nilitamani kuibusu. Ikapanda polepole hadi hamsini na moja, na pale pale ikaanza kugonga jino.

Saa ukutani ilikuwa inakaribia sita.

Hapo nikalazimika kutumia akili badala ya kubonyeza-bonyeza. Kwa nini pale pale kila mara? Kwenye diski ya tabaka mbili, jicho la mashine linaanza ndani karibu na tundu, linasoma kwenda nje hadi ukingoni kabisa. Pale tabaka la kwanza linakwisha, jicho linahamia la pili na kurudi ndani taratibu. Katikati ya sinema ndiko ukingoni mwa diski. Na katikati ya harusi ya dada ndipo Mama aliposimama na kipaza sauti. Yale ya kwanza na ya mwisho, watu kula, watu kucheza, yote yalikuwa salama karibu na tundu. Mama peke yake alikuwa amesimama ukingoni.

Nikailaza diski juu ya kioo cha kaunta, nikainama macho yakiwa sawa na kioo. Upande mmoja ulikuwa umeinuka. Si sana, karatasi mbili zingepita chini yake. Ni ile lebo. Karatasi ilikuwa imenyonya unyevu na kukauka, miaka saba, na kila ilipokauka ilijivuta, ikaipinda diski kidogo kidogo kama sahani ya plastiki iliyokaa karibu na moto. Na upande mwingine ilikuwa imeanza kubanduka, kwa hiyo diski ilipozunguka kwa kasi ilikuwa inayumba. Jicho halikuweza kuushika ukingo unaopanda na kushuka.

Lebo zile ni zangu. Nilizinunua mwenyewe, makasha kwa makasha, zina ua dogo pembeni na namba yangu ya simu. Nilizionea fahari. Kila diski iliyotoka dukani humu nilihakikisha imebandikwa moja, na fundi mmoja mzee alipowahi kuniambia karatasi na diski hazipatani, nilimwona ana wivu. Mama alinikuta nikibandika ile ya harusi, akaninyang'anya kalamu, akasema mwandiko wangu unafanana na wa daktari mlevi. Akaandika mwenyewe.

Ilibidi lebo ibanduke. Hakukuwa na njia nyingine.

"Dada," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Diski imepinda. Inabidi nibandue hii karatasi."

Akainuka, akaja akaitazama. Akaisoma polepole, midomo ikitikisika.

"Huu ni mwandiko wa Mama."

"Najua."

"Ukibandua utachanika."

"Ndiyo. Utachanika."

"Basi acha." Akaichukua, akaanza kuirudisha ndani ya bahasha yake. "Hii naondoka nayo hivi hivi, iwe ya kutazama tu. Wewe toa ile nakala yako, unakili kutoka hiyo. Ulikuwa unahangaika nini asubuhi yote?"

Nilimtazama akifunga bahasha. Alikuwa ametulia, hana wasiwasi hata chembe, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia asiwe nao. Ningeweza kusema nakala iko nyumbani. Ningeweza kusema nitamtumia wiki ijayo. Yote mawili yalinijia ulimini, yakiwa yamepangwa vizuri, na nadhani hilo ndilo lililonitisha kuliko sanduku jekundu. Aliyefundishwa uongo na miaka hahitaji hata kufikiri. Lakini basi lingeondoka na diski ile, ingeendelea kupinda ndani ya bahasha, na siku moja hata Kobe isingeiona.

"Hakuna nakala," nikasema.

"Eti?"

"Haipo. Haijawahi kuwepo. Nilikudanganya wakati wa msiba, na kila uliponiuliza tena nilikudanganya."

Nilitegemea kofi. Nilitegemea matusi, na dada akitukana huwa anaanza na mababu. Aliniangalia kama anavyoangalia, nadhani, kipimajoto chenye namba asiyoiamini. Akaweka mkoba chini. Akatoka nje akiwa ameshika bahasha kifuani, na mlango ukabaki wazi.

Nikakaa. Kupitia dirishani niliona bega lake tu, amesimama kwenye ngazi, halisogei. Niliogopa kwamba ataondoka. Niliogopa kwamba akirudi atasema neno ambalo nitaishi nalo. Chumba cha jirani fundi cherehani alikuwa anashona huku anapiga mluzi, mluzi mbovu usiofika popote, nikamchukia bure.

Mluzi ukakatika. Nikasikia sauti ya dada huko kwake, kisha maji yakimiminwa. Akarudi na beseni dogo linalotoa mvuke na kipande cha sabuni.

"Nawa," akasema.

"Dada, mimi..."

"Nawa mikono. Umeambiwa usiguse kama hujanawa."

Tukanawa wote wawili, yeye hadi viwikoni. Kisha akasogeza taa ya mezani, akanyoosha pamba pembeni, akaniuliza kwa sauti ya wodini, "Nikilowesha karatasi, hiyo picha iliyo ndani itatoka nayo?"

"Zile diski za muziki, ndiyo, kile king'aacho kiko chini tu ya karatasi. Hizi kimefunikwa kati ya plastiki mbili. Inasemekana ni salama."

"Inasemekana."

"Sijawahi kujaribu. Ila maji yasiingie ukingoni, pale plastiki zinapokutana."

"Nimebandua bendeji kwenye majeraha ya moto," akasema. "Ya watoto. Wewe shika hapa, na usinipumulie."

Nilishika kwa ncha za vidole. Alilowesha pamba kwa maji ya vuguvugu, akaikamua, akaigandamiza juu ya lebo, akahesabu kimoyomoyo, akaiinua. Alianzia pale palipokuwa pameshalegea. Hakuvuta juu kama ningefanya mimi. Alikunja karatasi ikarudi juu ya karatasi yenyewe, akaivuta ikiwa imelala, milimita kwa milimita. Kila iliposhikilia aliacha, akalowesha, akangoja. Neno HARUSI likatoka vipande vipande, wino ukivuja bluu kwenye pamba. BINTI likachanika katikati. Nilikuwa nikisikia moyo wangu shingoni, na niliogopa hata huo utaitikisa diski. Dada machozi yalikuwa yanamtiririka lakini vidole havikutikisika, akawa anayafuta kwa bega ili mikono ibaki safi. Kipande kimoja tu kilitoka kizima, KAMA HUJANAWA, akakilaza kwenye leso yake bila kusema kitu.

Tuliikausha. Tukailaza kati ya vitambaa viwili laini juu ya kioo, na juu yake pasi ya mkaa ya fundi cherehani, ile kongwe anayozuilia vitambaa. Nusu saa tulikaa hivyo tukiiangalia pasi. Nilitaka kuomba radhi, nikafungua mdomo mara mbili.

"Usiseme kitu," akasema. "Ukisema nitalia, na sijamaliza kazi."

Saa saba kasorobo niliiweka ndani ya Kobe. Nikaipunguza kasi hadi mwisho kabisa, nikaiamuru programu kwamba ikikuta mahali pasiposomeka isikate tamaa, iruke na kuendelea. Nikabonyeza. Kwa kasi ile asilimia moja ilikuwa safari. Dada alisimama nyuma yangu, hakukaa tena. Tulipofika thelathini alikuwa ameshika egemeo la kiti changu. Arobaini na tano, ameshika kola ya shati langu.

Hamsini.

Hamsini na moja.

Tak.

Nikafumba macho. Tak, tak. Mkono wa dada ulinikaba kola ikawa inaniziba pumzi, sikumwambia aache. Tak. Kimya. Nilidhani Kobe imezimika. Kisha ikanguruma upya, sauti nzito zaidi, jicho lilikuwa limehamia tabaka la pili na linarudi ndani.

"Hamsini na mbili," dada akasema sikioni mwangu, kwa sauti ya kunong'ona kama anayeogopa kuiamsha. "Imeandika hamsini na mbili."

Tuliangua kicheko cha ovyo, kile kinachofanana na kilio, na fundi cherehani akapiga ukuta kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Lakini woga haukuniisha, ulibadilisha tu mahali pa kukaa. Kusoma kuliisha saa nane na nusu. Kubana dakika thelathini na tano. Kilichobaki ni kuchoma, na humu dukani kuchoma kuna utaratibu wake. Umeme wetu na wa fundi cherehani unapita kwenye waya mmoja. Akichomeka pasi yake ya umeme, taa zangu zinainamisha kichwa na diski inayochomwa inaharibika. Kwa hiyo nikigonga ukuta mara tatu, yeye anazima. Niligonga mara tatu. Nikaogopa hakusikia, nikagonga tatu nyingine.

"Nimezima!" akapaza sauti. "Suruali ya mwalimu mkuu itasubiri! Chomeni taratibu!"

Niliichoma kwa kasi ndogo, kwenye diski mpya isiyo na lebo wala ua. Saa tisa na dakika ishirini na tano ikatoka, bado ina joto. Kituo cha mabasi ni mwendo wa dakika kumi.

"Tuiangalie," dada akasema.

Nikaiweka kwenye deki mbovu kuliko zote nilizonazo, ili tujue. Ikaisoma. Nikapeleka mbele hadi katikati, na Mama akasimama kwenye skrini ndogo, kilemba kimemkaa upande, kipaza sauti amekishika kama mwiko. Picha ilikuwa imepungua ukali kidogo, kwenye maua ya nyuma. Uso haukupungua. Sauti ilikuwa ile ile, yenye mkwaruzo, yenye kukata maneno. Nilikuwa sijaisikia tangu tulipomzika, kwa sababu sikuwahi kuwa na diski ya kuisikilizia. Akamwambia dada asikubali kunyamaziwa siku mbili. Akamwambia bwana harusi kwamba binti huyu akikasirika anaosha vyombo kwa kelele, asidhani ni usafi. Watu wakacheka. Dada alikuwa akitamka kila neno pamoja naye, bila sauti.

Kisha Mama akainua macho, akaangalia kamera moja kwa moja, yeye aliyekuwa akiikimbia maisha yote. Akanyoosha kidole.

"Na wewe..."

Skrini ikagawanyika miraba. Uso ukaganda, mdomo wazi, nusu ya kidole. Sekunde tisa, nilizihesabu baadaye. Picha iliporudi watu walikuwa wameshaangua kicheko, na Mama anajifuta jicho, anarudisha kipaza sauti.

Nilielewa papo hapo. Ukichoma diski ya tabaka mbili, wewe mwenyewe ndiye unayechagua tabaka la kwanza likatike wapi, maana pale sinema inasita kidogo. Sisi wa kazi hii tunachagua mahali ambapo hapana atakayejali. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki miaka saba iliyopita, nikapitia harusi nzima, nikaona maneno ya Mama kwa binti yake yasiguswe, ya wazee yasiguswe. Nikachagua pale anapogeuka kuniambia mimi, bila hata kufungulia sauti. Nilijiambia hayo hayawahusu watazamaji.

"Dada," nikasema. "Pale alisema nini?"

"Hukumbuki? Si ulikuwepo?"

"Nilikuwa naangalia betri."

Akachukua mkoba wake, akaweka diski mbili ndani, ya zamani na mpya, na leso iliyokunjwa juu yake. Nilidhani hatanijibu. Akasimama mlangoni, akainua kidole vile vile, na kwa sauti yenye mkwaruzo isiyokuwa yake akasema:

"Na wewe uliyejificha nyuma ya hiyo kamera, mwanangu, nakuona. Umesimama tangu asubuhi. Umekula?"

Akashusha kidole.

"Nawe ukajibu kutoka nyuma ya kamera. Sauti yako inasikika wazi. Ukasema, 'Tayari, Mama.' Ndipo watu wote wakacheka, kwa sababu kila mtu aliona sahani yako imefunikwa mezani, haijaguswa."

Nikazima deki.

"Sijakusamehe," akaendelea. "Nitakusamehe nikifika. Saa hizi nina basi."

Nilimsindikiza hadi kituoni, nikampandisha, nikarudi dukani nikikimbia. Mafaili yalikuwa bado kwenye kompyuta. Niliyahifadhi mahali pengine kwanza, kisha nikachukua diski mpya, nikagonga ukuta mara tatu.

"Tena?" fundi cherehani akalalamika. "Huyu mwalimu mkuu atavaa nini kesho?"

"Mbili tu," nikasema. "Naomba, ndugu yangu."

Ya kwanza ilitoka nikaijaribu, ikakubali. Ya pili ilikuwa imefika asilimia arobaini simu ilipoita. Nilisikia injini ya basi na watu wakibishana kuhusu dirisha.

"Nakala?" dada akauliza, hata salamu hakutoa.

"Moja nimemaliza, nimeijaribu. Ya pili bado, ndiyo inaendelea."

Nilijua anapima sauti yangu.

"Na wewe umekula?"

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, lile lile, halikuhitaji hata kuitwa. Nililishika na meno. Nikaangalia kikombe cha chai cha asubuhi, kimejaa na kuganda utando juu.

"Bado, dada," nikasema. "Sijala chochote tangu jana jioni."

Nikakisukuma kikombe pembeni.

"Basi, diski hiyo ikiisha," akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, "funga duka ukale."